Naomba ushauri: mpingo ulio shambani kwetu na sheria ndogo ya kijiji

Mrithi wa Shamba: Salaam wanajukwaa. Naishi katika kijiji kimoja wilayani Kilwa, na katika shamba alilotuachia marehemu babu umo mpingo alioupanda mwenyewe mwaka 1974, ambao leo watu wawili hawawezi kuukumbatia. Nataka kuuvuna nilipe ada ya chuo ya mdogo wangu, lakini sheria ndogo ya kijiji inakataza kuukata bila idhini ya kamati ya maliasili. Je, kijiji kina mamlaka juu ya mti ulio shambani mwangu?

Karani Mstaafu: Ndugu mleta mada, mamlaka kinayo. Sheria ndogo iliyotungwa na halmashauri ya kijiji, ikapitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, inakubana hata kama siku hiyo hukuhudhuria. Juu yake ipo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ambayo chini yake mpingo na mninga ni miti isiyokatwa bila kibali, hata ikiwa imeota uani kwako. Sasa nijibu: kwa nini hukuiomba idhini hiyo?

Mama Tausi: Mjomba wangu alikuwa mchongaji wa vinyago, akauziwa magogo ya mpingo na rafiki yake wa utotoni. Kwenye kizuizi yakaonekana hayakugongwa nyundo ya maofisa wa misitu, ile inayoacha alama kwamba gogo ni halali, wala hayana hati ya kusafirishia, mzigo ukataifishwa, na urafiki ukafa siku hiyo hiyo. Vijana wa leo hamsikii mpaka yawakute.

Mrithi wa Shamba: Sikuomba kwa sababu mimi ni mjumbe wa kamati hiyo, na ningeonekana najipendelea. Niseme pia kwamba mnunuzi amekwisha kunipa malipo ya awali, nami nimeyapeleka chuoni. Sioni kosa hapo, kwa kuwa fedha haijakata mti wowote.

Kinyozi wa Nangurukuru: Ningekuwa hakimu ningekuachia huru kwa utamu wa maneno tu. Ila kwa jinsi mpingo unavyomaliza meno ya misumeno, mnunuzi atakudai fedha yake na msumeno juu.

Msomaji Mkimya: Ndugu zangu, tunachezewa. Mpingo huchukua takriban miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, tena mara nyingi hukua umepinda na kugawanyika mashina. Uliopandwa mwaka 1974 hauwezi kuwashinda watu wawili. Mwaka jana ililetwa hapa hadithi kama hii, tofauti yake mti ulikuwa mninga.

Mrithi wa Shamba: Si hadithi ya kutunga. Unene niliutia chumvi, nakiri. Kuhusu kupandwa, ndivyo tulivyoambiwa nyumbani, ingawa bibi husema babu aliukuta alipofyeka pori, na kwamba wakati huo ulikuwa nje ya mpaka, kabla shamba halijapanuliwa.

Karani Mstaafu: Nje ya mpaka upande upi? Ikiwa ni upande wa hifadhi ya msitu wa kijiji, basi huo haukuwa mti wa ukoo wenu hata siku moja, na wewe ndiye uliyechaguliwa kuulinda. Iandikie kamati leo, ujitoe katika kikao kitakachojadili suala lako, na umwambie mnunuzi asilete msumeno.

Mrithi wa Shamba: Msumeno umelala kwangu tangu jana.