Yule mtaalamu wa tairi laini ataniua kwa presha

Wakuu, naandika nikiwa bado hapa Mikindani, mkono mmoja simu, mwingine nimeshika kagari kangu ka rimoti, tairi zina upara. Mnamjua. Wa kofia. Jina sitaji.

Jana namuuliza, kesho tunakimbiza kwenye sakafu ya kuanikia korosho, nifunge tairi gani? Akazibonyeza kwa ukucha kama anachagua embe. "Chukua laini, mdogo wangu, zinang'ata kama kupe." Elfu arobaini ikanitoka. Usiku kucha nazibandika kwenye rimu kwa supagluu, vidole viwili vikagandana.

Saa nane mchana! Saruji inakaanga yai! Zikang'ata kweli, kona ya pili gari likang'ang'ania chini mpaka likabinuka mara tatu. Raundi ya nne vipele vyote vya tairi vimekwisha, njia nzima makombo kama ya raba ya kufutia. Halafu yeye, mbele ya shemeji yangu, kwa sauti ya mnadani: "Tairi hazina kosa, kidole chake kwenye rimoti ndicho kizito."

Kidole! Kizito! Nikainama kuangalia gari lake: kafunga NGUMU! Mbele ya shemeji!

MkaliWaShangani: Laini ni za asubuhi, sakafu ikiwa baridi. Jua likipanda unafunga ngumu. Hata mwanangu wa la pili anajua.

Mtoa mada: Ndiyo maana NILIMUULIZA!

MkaliWaShangani: Na sponji ya kujaza ndani ya tairi uliweka ipi?

Mtoa mada: Aliyonipa yeye.

MkaliWaShangani: 😂😂 Pole, kidole.

Kangomba_Mstaafu: Elfu arobaini ya tairi za mdoli, na michango ya shule umelipa?

BodaLigula: Afadhali yako ni mdoli. Mimi tairi ya nyuma ina wiki mbili tu, nyuzi zinachungulia. Aliyeniuzia naye ana kofia.

MamaSamli: Shemeji alisemaje?

Mtoa mada: Alicheka. Sasa hivi ananiita Kidole.

Kangomba_Mstaafu: Hamjaonewa nyie. Gunia la korosho napima nyumbani kilo 60, nafika ghalani 56. Kilo nne zimeshukia wapi, kwenye bodaboda?

BodaLigula: Usinitazame mimi. Ghala lipi, lile lenye mwembe?

Kangomba_Mstaafu: Hilo hilo!

MamaSamli: Weee! Mzani ule ule ulikula korosho za mama yangu msimu uliopita.

Mtoa mada: Jamani, tairi zangu.

Kangomba_Mstaafu: Kidole subiri kwanza, tuko kwenye mzani.