Kwa nini seli moja ya mmea haikui kuwazidi jirani zake?

Swali: Wataalamu, ikiwa kila seli ya shina la alizeti huvuta maji na kutanuka, ni nini kinachoizuia kukua kwa kasi yake yenyewe?

Jibu: Kuta zake zimegandamana na za jirani, kwa hiyo hurefuka kwa kiasi kile tu ambacho tishu nzima inaruhusu. Pasua shina changa kwa urefu, ulitumbukize majini: vipande vitapinda kuelekea nje, kwa sababu tishu ya ndani iliyobanwa hurefuka mara inapoachiliwa, ilhali ngozi ya shina, yaani tabaka lake la nje, iliyokuwa imevutwa hufupika.

Jibu: Naunga mkono, ila tusisahau nyuzi za selulosi, yaani nyuzi imara zilizo ndani ya ukuta wa seli, kwani ndizo zinazoelekeza ukuta utanuke upande upi.

Muulizaji: Ahsanteni sana, kumbe ngozi ndiyo breki.

Jibu: Katika shina, naam, kwa kiasi kikubwa.