Naomba ushauri: mnunuzi yuko Tabora, mzigo uko Kigoma, nani aanze?

Habari zenu wakuu. Niko Mwanga, Kigoma. Nauza jenereta langu la laki sita na nusu, limetumika miaka miwili tu. Amejitokeza jamaa wa Tabora, hatujuani kabisa. Anataka nilipakie kwenye basi, nimpigie picha ya risiti ya mzigo, ndipo atume hela kwa simu. Mimi nataka hela kwanza. Tumevutana siku tatu.

Niliwahi kulizwa, ndiyo maana nimekuwa mgumu. Niliuza simu, mteja kasimama mbele yangu anabonyeza, mara meseji ikaingia: "Umepokea Tsh 280,000", na muamala una namba kama kawaida. Nikampa simu, akadandia boda. Jioni nataka kutoa hela, salio elfu nne na mia! Kuangalia vizuri, meseji ilitoka kwenye namba ya mtu binafsi, wala siyo kwenye jina la huduma. Siku hizi siamini meseji, nafungua salio kwanza.

Wasiwasi mwingine: hata ikiingia kweli, si anaweza kupiga huduma kwa wateja akadai amekosea namba, hela ikazuiwa wakati mzigo ushafika Uvinza?

Nina shemeji Tabora mjini. Nimewaza nimtumie yeye jenereta, jamaa aliwashe, alipe taslimu, wamalizane palepale. Ila nauli ya mzigo nani abebe asipolipenda? Au anilipie benki? Mliowahi kuuziana mbali hivi mlifanyaje?