Tupeane uzoefu: wanajeshi wa akiba Marekani, huduma ya afya ya akili mnaipata wapi?

Wakuu, hasa mlio Army Reserve na National Guard. Askari wa kudumu akisumbuliwa na kiwewe ana zahanati ya kambini na sajenti anayemwona kila siku. Sisi sare ni wikiendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka. Siku zilizobaki utajijua mwenyewe. Mliosaidiwa, mlipitia mlango gani? Majina ya vikosi na makamanda tuyaache.

Jibu la 1:
Niliporudi kutoka misheni nilipewa Tricare (bima ya afya ya jeshi) ya mpito, siku 180. Muda huo nilikuwa mzima kabisa, nacheka na kila mtu. Usingizi ulianza kunipaa bima ilipokwisha! Tricare Reserve Select, ile ya askari wa akiba, ipo, ila unailipia kila mwezi, na kazi nilikuwa bado natafuta. Mwenzangu akanipeleka Vet Center, kituo cha ushauri cha VA, ile idara ya serikali ya wanajeshi wa zamani. Hawakuniuliza bima wala asilimia za ulemavu ambazo VA humpangia aliyeumia kazini. Mafaili yao hayachanganywi na ya hospitali za VA, na kikosini hayafiki bila idhini yako, labda maisha ya mtu yawe hatarini. Mke wangu naye alipata mshauri palepale. Yote bure.

Jibu la 2:
Wewe ulienda vitani, mkuu. Mimi sijawahi kutumwa popote, Vet Center nikaambiwa sina sifa. Nikaangukia Military OneSource, huduma ya ushauri ya Wizara ya Ulinzi: vikao hadi 12 kwa tatizo moja, bure, hata kama hujaitwa kazini. Ila ni ushauri, si tiba. Ugomvi wa ndoa, hasira, msiba, hapo wanafaa. Sonona nzito watakuelekeza kwingine, na hapo ndipo unapoanza kuhesabu pesa.

Jibu la 3:
Wengi hatuendi kwa kuogopa kunyang'anywa kibali cha usalama, kile cha kuona siri za serikali. Someni kanuni zenyewe: kumwona mshauri peke yake si sababu ya kunyimwa. Mimi nilikwenda, kibali ninacho.

Jibu la 4:
Nyongeza kwa namba 2: Vet Center wanapokea pia askari wa National Guard waliotumwa kwenye majanga makubwa, si vita tu. Na usiku ukizidiwa piga 988, simu ya dharura ya afya ya akili, kisha bonyeza 1 upate laini ya wanajeshi. Huhitaji kuwa umesajiliwa VA.

Jibu la 5:
Mimi nilikuwa kwenye mafuriko, karatasi niliyonayo ni ile ya kuitwa kazini tu. Inatosha, au wanataka nyingine?