Naomba ushauri: kodi ya hitilafu P0325, nibadilishe sensa ya noki au nikague waya kwanza?

Wakuu habari zenu. Gari yangu ni ya petroli, silinda 4, cc 1800. Taa ya injini imewaka, mashine ya kupima hitilafu ikasoma P0325, yaani saketi ya sensa ya noki (ile inayohisi injini ikigonga ndani). Mlima Kitonga imepanda kwa shida sana, na mafuta inakula kuliko zamani. Hilo naelewa: kompyuta ikikosa ishara ya sensa inachelewesha cheche ili kulinda pistoni, nguvu inapungua.

Fundi anataka tununue sensa mpya moja kwa moja. Mimi nasita, kwa sababu kodi hii inaletwa pia na waya uliokatika, soketi yenye kutu au bolti ya sensa isiyokazwa kwa kipimo chake. Na sensa yenyewe iko chini ya manifoldi ya hewa (mabomba ya kuingiza hewa kwenye injini), kuifikia ni kazi nzito, sitaki ifunguliwe mara mbili.

Waliowahi kupima: mnapima omu (ukinzani wa umeme) kwenye soketi, au mnagonga bloku ya injini taratibu mkiangalia volti za AC? Sensa ya mtumba inaaminika kweli? Na je, niendelee kuitumia safari ndefu, au niipaki kwanza?