Naomba ushauri: sota (viwavi wakata miche) wananimalizia miche ya sukuma wiki, Ruai, Nairobi

Hamjambo wakulima wenzangu. Nina kiploti cha futi hamsini kwa mia huku Ruai, udongo mweusi ule wa kung'ang'ania gumboots. Kilikuwa nyasi tupu kwa miaka. Nilifyeka, nikalima, na wiki hiyo hiyo nikapanda miche 300 ya sukuma. Sasa naona haraka hiyo ndiyo iliyoniponza.

Kila asubuhi napata miche kumi au kumi na tano imelala chini, shina limekatwa pale pale linapotoka udongoni. Majani yenyewe hayajaliwa sana, na hilo ndilo linaniuma zaidi. Nikifukua kidogo kando ya mche napata kiwavi mnene wa kijivu. Ukimgusa anajikunja kama pete. Mchana humwoni juu kabisa.

Nimenyunyiza jivu kuzunguka miche. Lilisaidia siku mbili, mvua ikaliosha. Usiku natoka na tochi kuwaokota (majirani wanadhani nimepoteza kitu), lakini hawaishi. Dawa bado sijaweka, maana watoto huchuma managu (mboga ya kienyeji) papo hapo kando.

Maswali yangu ni mawili. Je, nizibe mapengo sasa kwa miche mipya nikiizungushia vikopo vilivyokatwa matako, au ning'oe yote, nilime tena na kuliacha shamba wazi kwanza? Na kama ni kuliacha, wiki ngapi zinatosha hadi viwavi waliobaki wakose chakula?

Asanteni.