Mkunguni, Forodhani au Mji wa Kale Mombasa: nimpeleke wapi mzee?

Kijana_wa_Moro
Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili. Baba yangu ana miaka 73, mcheza bao tangu ujana wake, na wenzake wa barazani wamekwisha mmoja mmoja. Siku hizi anakaa ndani tu na redio. Desemba nina likizo ya siku sita, nataka nimpeleke pwani, kwenye mji wa zamani wenye uwanja ambao watu wanakaa hasa, siyo kupiga picha na kuondoka. Nimebaki na sehemu tatu: Forodhani kule Unguja, Mkunguni kule Lamu, au uwanja wa bandari ya zamani Mombasa. Anatembea vizuri, ila goti la kushoto halipendi ngazi. Tunatokea Morogoro. Mliofika, nisaidieni.

Upepo_wa_Kusi
Forodhani, usijisumbue. Dar mpaka Unguja kwa boti ya kasi ni kama saa mbili, na kutoka bandarini hamfiki mbali. Bustani ilifunguliwa 1936 kwa jubilei ya Sultani Khalifa, ikakarabatiwa, ikafunguliwa upya 2009. Njia zake ni bapa na pa kukaa papo. Jioni vijana wanaruka baharini kutoka ukutani, kila mmoja na mruko wake, na watu wanawashangilia. Baada ya magharibi taa zinawashwa, meza za vyakula zinajaa, muwa unapitishwa kwenye mashine pamoja na tangawizi na ndimu. Mzee atapunga upepo mpaka asahau goti.

Mkaazi_wa_Mkunazini
Mimi ni wa Mji Mkongwe na Forodhani naipenda, lakini kwa mzee wa bao sipo na wewe. Pale ni pa kula na kupunga upepo. Usiku kuna msongamano, na kila muuzaji anakuita kwake. Mkienda, ulizeni bei kabla kitu hakijawekwa sahanini. Mgeni wangu mmoja alipewa pweza aliyepashwa moto sijui mara ya ngapi, akalala na tumbo siku mbili.

Wazee wetu wanakaa Jaws Corner, ndani kule Sokomuhogo. Ni kijiuwanja kidogo tu, vichochoro vinakutana, mabaraza ya saruji pembeni, kahawa, dhumna, bao, na siasa bila kuchoka. Nendeni baada ya alasiri. Akae, aagize kahawa, asiwe na haraka ya kuomba kucheza. Ataulizwa mwenyewe anatoka wapi. Ngome Kongwe mtaipitia mkishuka Forodhani. Beit al-Ajaib, lile jumba la Sayyid Barghash la 1883, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, kwa hiyo safari yenu isilitegemee hilo.

Mwana_wa_Langoni
Kijana, kwa maelezo yako baba yako anaitafuta Mkunguni bila kulijua jina lake. Mimi nimezaliwa Lamu na uwanja ule ndio ulionilea.

Jina limetokana na mikungu, ile miti mikubwa iliyo mbele ya ngome. Kivuli chake kinatosha uwanja mzima wa wazee. Ngome yenyewe ilianza kujengwa baada ya vita vya Shela, kwenye 1813, ikamalizika 1821. Baadaye ikawa jela mpaka 1984, na sasa ni makumbusho. Kwa hiyo mahali ambapo leo watu wanacheza bao, nyuma yao palikuwa na wafungwa, na babu zetu walikaa pale pale wakizungumza.

Nenda asubuhi. Soko liko ubavuni mwa ngome, punda wanapita na magunia ya mchanga na matumbawe, mwenye punda anapaza sauti nawe unasogeza miguu. Hakuna gari la kumtisha mzee. Kufika adhuhuri uwanja unatulia, watu wanakwenda kuswali. Baada ya alasiri wanarudi, na hapo ndipo bao linapowekwa. Mchezaji anayejua utamtambua kwa mkono: kete hazihesabu, anazichota na kuzimwaga huku macho yake yako kwenye shimo la mwisho. Anayemzunguka anasema, mwingine anabisha, na mgeni akitoa neno la maana anasogezewa nafasi. Ngazi za ngome si lazima apande. Raha yote iko chini.

Bibi_Kisauni
Mombasa ni kwetu na sitaisema vibaya, lakini ule uwanja wa bandari ya zamani sasa ni wa mizigo na samaki zaidi kuliko wa kukaa. Fort Jesus ya 1593 hadi 1596 inafaa kuonwa, ila ndani kuna miinuko, na jua la Desemba ni kali. Iwe kituo cha kulala tu mkienda Lamu.

Na hapo ndipo neno langu lilipo, mwanangu. Mwana wa Langoni kasema kweli tupu, lakini piga hesabu ya barabara. Morogoro mpaka Mombasa, kisha basi siku nzima mpaka Mokowe, kisha boti, na kurudi vivyo hivyo. Kati ya siku sita atakaa Mkunguni ngapi? Goti lililokunjwa ndani ya basi siku mbili ni baya kuliko ngazi.

Mwana_wa_Langoni
Bibi, hapo sina la kujibu. Kama hawezi kupanda ndege mpaka Manda, basi siku sita hazitoshi. Lamu aje akiwa na wiki mbili.

Kijana_wa_Moro
Ahsanteni sana. Jana usiku nimemsomea yote. Ile sehemu ya mkono unaomwaga kete kanirudisha nisome tena. Tumekata shauri: Unguja, siku nne, Jaws Corner kila alasiri, Forodhani usiku mmoja. Lamu tunaiwekea akiba.

Mkaazi wa Mkunazini, ana swali moja. Anazo komwe zake 64 kwenye mfuko wa kitambaa, alizookota mwenyewe miaka mingi. Aje nazo?

Mkaazi_wa_Mkunazini
Mwambie aje nazo. Bao lipo.